Mtani Aliyelala Mlangoni kwa Babu

Juzi jirani yetu alipita uani na ndoo ya mabibo kutoka shamba la mikorosho, mengine yamepasuka, maji yake yanachuruzika hadi chini. Harufu ile, tamu na chachu kwa pamoja, inayokwaruza koo kabla hujaonja chochote, ilinikuta barazani na simu mkononi. Nilikuwa nasubiri majibu ya usaili wa kazi, huku nikijiuliza kama ile "asanteni sana" niliyowaambia mwishoni ilisikika kama ya mtu anayejipendekeza. Ndivyo nilivyo. Nina shahada na nina wasiwasi, na sijui kipi kilitangulia. Lakini mabibo yale yaliniondoa kwenye usaili yakanipeleka kijijini Fukayosi, kwenye msiba wa babu yangu, mwaka ambao nilikuwa darasa la nne na niliamini kwa moyo wote kwamba naona vita vikianza upya.

Ili mnielewe, lazima nianze na kitabu cha baba.

Baba alikuwa dereva wa kuwazungusha wageni hapa Bagamoyo mjini. Mgeni mmoja, mzee wa kutembelea fimbo, alimwachia kitabu kikubwa cha picha za mahali palipopiganwa vita mashuhuri duniani. Kiingereza chake kilimtoa jasho hata baba, lakini picha hazikuhitaji mkalimani. Palikuwa na Waterloo, ambako watu walijaza udongo mpaka ukawa kilima, kisha wakamsimamisha simba wa chuma juu yake. Palikuwa na Isandlwana, kule kwa Wazulu, mawe yaliyopakwa chokaa yamerundikwa majanini kama kondoo waliojilaza. Palikuwa na Verdun, misalaba mstari kwa mstari hadi jicho linachoka, na upande mmoja makaburi ya Waislamu waliokwenda kufia vita vile, yameelekezwa Kibla. Baba kila akifika ukurasa huo aliweka kidole na kusema, "Waone wenzetu," kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Ukurasa ulionisumbua mimi ulikuwa wa El Alamein, jangwani Misri. Baba alinieleza kwamba Waingereza na wenzao wana makaburi yao, Wajerumani wana jengo lao, na Waitaliano nao wana lao, kila mmoja mbali na mwenzake.

"Hata wakishakufa hawasemeshani?" nikauliza.

"Wafu gani wanaosemeshana, Tatu? Kula ubwabwa wako."

Baba alicheka, lakini mimi sikuwa na mzaha. Hata mjini kwetu makaburi ya Wajerumani yalikuwa peke yao, meupe, yamezungushiwa ukuta, na ukumbusho wa watu wetu walionyongwa nao ulikuwa mahali pengine kabisa. Nikapata hitimisho langu: maadui hawaachi kuwa maadui. Hutenganishwa tu, kama watoto wagomvi wanavyokalishwa madawati ya mbali, na mwalimu akigeuka wanaweza kurukiana tena.

Na sisi tulikuwa na uwanja wetu wa vita, ingawa hakuna aliyeupiga picha. Nyuma ya mikorosho ya Babu kule Fukayosi palikuwa na bonde dogo, na ndani yake kisima cha zamani kilichozibwa na majani. Chini ya mikorosho ile mabibo yalianguka na kuoza bila kuokotwa yote, ndiyo maana vita na harufu hiyo havitengani kichwani mwangu. Babu alisema hapo ndipo wazee wetu, Wakwere, walipopigana na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Waligombea maji. Walikufa wa huku na wa huko, na hakuna ajuaye walilala wapi hasa. Nilimwuliza Babu mbona hapana jiwe wala nguzo. Alinitazama kana kwamba nimeuliza mbona kuku hana viatu.

"Jiwe la nini? Kalunde si yupo?"

Jibu hilo halikunituliza hata kidogo. Bi Kalunde alikuwa Mnyamwezi, mjukuu wa wapagazi waliobaki, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la tatu. Watu wote wa rika langu tulimwamkia shikamoo, lakini yeye na Babu sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kama watu.

"Wewe mpagazi," Babu angeanza, "mzigo umeutua wapi leo?"

"Nimeutua kitandani kwako, Mkwere mvivu. Si umelala tangu jana, nikajua nafasi ipo."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Nilijua kwamba huo ni utani, kwamba Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu zamani. Nilichokuwa sijui ni kwamba utani una kazi yake siku ya msiba.

Babu alifariki alfajiri, wakati wa mabibo. Tulifika Fukayosi jua limeshachomoza, na uani mikeka ilikuwa imetandikwa, ubani unafuka, wanaume wakizungumza chinichini nje. Bibi alikuwa amekaa ukumbini, mgongo ukutani. Hakulia. Shangazi zangu walilia kwa zamu na kwa pamoja, mama alilia, hata mimi nililia kwa kuwaona wao, lakini Bibi aliutazama mlango tu, kama anayesubiri mtu aliyetumwa dukani. Aliletewa uji, ukapoa. Nilisikia shangazi mmoja akimnong'oneza mama kwamba mtu akikauka hivyo si vizuri, afadhali alie. Nikaongeza hilo kwenye orodha yangu ya hofu.

Maiti alioshwa, akavishwa sanda, akalazwa kwenye jeneza na kufunikwa shuka la kijani. Ilikubaliwa asaliwe mara baada ya alasiri. Wanaume waliingia kubeba. Hapo ndipo Bi Kalunde alipotokea chumbani kwa Babu, amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake ya kufuma, amejishika kiuno, anatembea vilevile kama Babu, ule mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Akakohoa kikohozi cha Babu. Akamwita Bibi, kwa sauti ya Babu hasa, "Mama Shomari! Chai yangu iko wapi?" Kisha akajinyoosha kizingitini, urefu wake wote, akafumba macho.

Jeneza likasimama ukumbini.

"Bi Kalunde," alisema baba mdogo Shomari, mtoto wa mwisho wa Babu, macho yamevimba, "tupishe, tafadhali. Muda unakwenda."

"Nani huyo anayeniamsha? Huyu haendi popote. Alituibia maji yetu huyu. Leteni kisima chetu kwanza."

"Tutakupa kuku."

"Kuku wenu amekonda kuliko marehemu."

Nje mtu mmoja aliguna, nikadhani ni guno la hasira. Shehe alichungulia akasema, "Jamani, adhana hiyo inakaribia." Hakuna aliyemvuta Bi Kalunde mguu. Hakuna aliyemkemea. Watu wazima wote, ndugu zangu wenye misuli ya kupasua kuni, walisimama wanamtazama bibi mmoja aliyelala chini, na mimi nikaelewa, kwa akili yangu ile, kwamba wamemwogopa. Lile neno la kisima lilinikata maini. Mwalimu alikuwa amegeuka, na wagomvi walikuwa wamerukiana. Babu yangu angebaki pale ukumbini jua lizame, alfajiri ije tena, bila kuzikwa, kwa deni la maji ambayo hakuyanywa yeye.

Nilikimbilia chumbani kwenye mfuko wetu wa nguo. Nilikuwa na viatu vyekundu vya Idi, vyenye ua pembeni, ambavyo nilivileta kwa kuwa mama alisema tuvae vizuri. Nilipenya katikati ya miguu ya wanaume, nikapiga magoti kizingitini, nikaviweka kifuani pa Bi Kalunde.

"Shikamoo, Bibi," nilisema. "Chukua hivi. Vita viishe. Babu hakuwepo siku ile ya kisima, nakuapia. Mwache aende."

Bi Kalunde alifumbua jicho moja. Alivitazama viatu, akanitazama mimi, na kwa muda mfupi uso wake haukuwa wa Babu wala wa mtani. Ulikuwa uso wa mama mtu mzima aliyechoka. Kisha akaketi.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akapaza sauti. "Enyi Wakwere! Kumbe mna mwenye akili mmoja tu, na bado hajaota meno yote! Haya, vita vimekwisha, mimi na yeye tumepatana. Mchukueni mzee wenu. Ukoo wetu umebeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka baharini, lakini mzigo mzito kama huyu hatujapata kuuona!"

Nje wanaume waliangua kicheko. Na ukumbini, nyuma yangu, nilisikia sauti kama ya kitambaa kinachochanika. Alikuwa Bibi. Alianza kwa kucheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na katikati ya kicheko kile kile kilio kikatoka, kirefu, kilichokaa tangu alfajiri. Shangazi zangu wakamkumbatia. Jeneza likapita juu ya kizingiti, shahada ikasikika njiani, ikafifia kuelekea makaburini.

Baadaye, wanawake wakiwa wamezunguka masufuria ya wali, nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta maji ya kunywa. Bi Kalunde alikuwa ameinama kwenye pipa, peke yake, anafua kofia ya Babu. Aliifua, akaisuuza, akaitazama, akaifua tena. Kisha akageuza bakuli kifudifudi, akalivisha kofia ile ili isipoteze umbo, akawa anainyoosha kwa vidole polepole, kama mtu anayempapasa mtoto kichwa.

"Mzee wenu mchafu," aliniambia bila kugeuka. "Jasho lake halitoki." Lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, na ilikatika njiani.

Nilirudi nikamwambia mama kwamba yule Mnyamwezi anataka kuiba kofia ya Babu. Mama aliweka mwiko chini. Ndipo akanieleza kwamba kaburi lile watani ndio waliolichimba, maji ya kumwosha Babu wao ndio walioyachota, na kuni zilizokuwa zikiwaka pale wao ndio walioziokota. Jukumu la mtani, alisema, ni kutolia mbele ya wafiwa. Niliitikia kwa kichwa bila kuelewa. Viatu vyangu, niwaambie ukweli, havikurudi. Mjukuu wa Bi Kalunde alivivaa Idi iliyofuata, na nilivitazama kwa uchungu kutoka mbali.

Bado nakipekua kitabu cha baba. Sivicheki vilima vile wala kuta zile. Watu waliovijenga walikuwa na wafu wengi mno na hawakujua wafanye nini nao. Lakini nikifika El Alamein, kwenye yale majengo matatu yasiyotazamana, huwa nawafikiria Wajerumani na Waingereza wasio na wa kuwatukana msibani, na nashukuru nilizaliwa mahali ambapo mjukuu wa aliyepigana na babu wa babu yangu ndiye anayekuja kwanza kukichota kilio cha bibi yangu. Nilidhani siku ile mimi ndiye niliyemkomboa Babu kwa viatu. Kumbe Bi Kalunde angeinuka hata kwa kuku yule aliyekonda. Alikuwa anasubiri Bibi acheke.

Idi iliyopita nilikwenda kumwona. Amepungua, urefu ule umekunjamana kitandani, lakini sauti ipo.

"Umesoma mpaka umemaliza, na kazi huna," aliniambia. "Wakwere bwana. Hata uvivu mnausomea."

"Nimetumwa kuja kuuliza kama umeshakufa, Bibi. Mbona unachelewesha watu?"

Alicheka, akanishika mkono, akanivuta karibu. "Unajifunza, lakini bado una adabu nyingi. Siku yangu ikifika, usiwaache wanitoe kimyakimya. Lala mlangoni."

Nilimwahidi. Tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu, najaribu matusi, nachagua na kufuta, naigiza mwendo wake na ile sauti ya shamba la tatu. Maneno nimeyapata, mengine mazuri kweli. Kinachonitia hofu ni uso. Sijui yeye aliufanyaje ukakaa mkavu muda wote ule, mpaka alipofika kwenye pipa.