Bunduki Niliyoichagua Kama Ng'ombe wa Maziwa

Mjomba wangu wa kijiji cha Sola alinifundisha kwamba bunduki humpiga teke mpigaji kulingana na idadi ya watu iliyowaua vitani. Iliyoua mmoja inakugusa tu bega. Iliyoua kumi inakuvunja mfupa. Na kwa kila aliyeuawa, alisema, askari huchora mstari mmoja kwenye kitako cha mbao. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na fizikia nimefaulu, lakini habari hiyo niliiamini yote.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia kwenye biashara ya pamba. Mmoja wao alifungua kiwanda cha kuichambua pale Bariadi, akatangaza nafasi mbili za ulinzi. Alitaka watu wanaojua kusoma na kuandika, waliopitia mgambo, na watakaokuwa wawili wa kwanza kwa shabaha. Mimi nilikuwa na mke, mtoto mchanga, na shamba ambalo mvua ilikuwa inalizunguka kama ng'ombe anavyomzunguka chatu. Kazi ile niliitaka kuliko pumzi.

Miezi yote ya mafunzo ya mgambo tulikuwa tumebeba bunduki za mbao. Siku ya shabaha mkufunzi wetu, afande mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka Nyashimo, alitandika turubai akalaza juu yake mbili za kweli, za zamani. Moja ilikuwa Mark Four ya Waingereza, ndefu, imepakwa vanishi mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Ya pili SAR, fupi kuliko hiyo, kitako chake kimejaa michoro. Nilivua kofia bila kuambiwa. Vyuma vilivyopita vita ambavyo babu yangu alivisikia kwa habari tu, leo vimelala kwenye nyasi za kwetu vinanisubiri mimi.

"Kila mtu achague yake," afande alisema. "Risasi tano. Mbili za kujaribu, tatu za kuhesabiwa."

Nikafanya kama tunavyofanya mnadani. Nikazizunguka, nikachungulia kwa nyuma, nikapitisha kiganja mgongoni taratibu nione kama kuna inayoshtuka. Kwenye SAR nilihesabu mistari tisa. Watu tisa! Mark Four haikuwa na hata mmoja.

"Unanunua?" aliuliza mama mmoja wa kijiji cha Lingeka, mgambo mwenzetu, mwembamba kama mpini wa jembe.

"Natafuta isiyo na teke, mayu, mama yangu."

"Basi ikamue kwanza, ujue."

Wakacheka wote. Nikabeba Mark Four yangu isiyo na dhambi, nikalala chini, nikafyatua.

Sijui nilirudi nyuma hatua ngapi nikiwa nimelala. Bega lilihama, meno yalibadilishana nafasi. Ya pili nilifumba macho kabisa. Ubao wa shabaha, mita mia moja mbele, ulikuwa mzima kama ulivyotoka kwa seremala.

"Kaa pembeni upumue," afande akasema. "Mama, njoo."

Yule mama akachukua SAR, ile ya watu tisa. Nikamwonea huruma. Akapiga tano, polepole, na kilemba chake hakikutikisika. Tulipokwenda kutazama, matundu yote matano ningeyafunika kwa kikombe cha chai. Nilipitisha kidole juu yake moja baada ya jingine. Sijawahi kuona kazi ya mikono ya mtu iliyo safi namna ile.

Nikamwomba afande ruhusa ya kubadilisha. Akaniangalia, akakubali. Mama akanikabidhi SAR. "Ibane begani, baba, isipate nafasi ya kukimbia."

Nikaibana, nikasubiri teke la wale tisa. Ikanisukuma kidogo, basi. Risasi zangu tatu zikaingia zote, na wote walipomaliza nikawa wa pili. Nikamfuata afande, nikamuuliza inawezekanaje iliyoua tisa iwe mpole hivyo.

"Nani kakwambia?" akasema. "Hiyo michoro ni ya misumari ya sanduku tunamosafirishia. Teke linatokana na risasi. Ya Mark Four ni ndefu, ina baruti nyingi. Ya SAR ni fupi, baruti yake kidogo, na nguvu nyingine inatumika kujipakia yenyewe. Halafu ile ya kwanza hukuibana. Bunduki haijui kama imeua mtu."