Aliyeishikilia Ndege

Mama mkubwa, dada pekee aliyembakia mama, alikuwa mgonjwa sana Bujumbura, akaomba waonane. Mama akakataa katakata kupanda ndege.

"Sina nguvu hizo tena," alisema. Nikadhani ni miguu. Nikamwambia uwanjani kuna viti vya magurudumu, na mimi kazini nasukuma wazee kutwa nzima.

"Miguu yangu mizima! Ulikuwa mdogo, hujui. Ile ndege iliyotutoa kambi ya wakimbizi kutuleta huku ugenini niliishikilia mimi, kwa maombi. Sikufumba jicho. Ningenyamaza tu, tungeanguka wote."

Jamani! Na mimi miaka yote hiyo nina kinyongo na safari ile. Nilikuwa na miaka sita, nikalia nipakatwe, mama akanisukuma bila hata kunitazama. Mengine yote nimeyasahau.

Jumamosi nilipotoka kazini nikampeleka gatini Parramatta, tukapanda kivuko cha mtoni. Kilipoongeza kasi nikampa kifuniko cha bakuli letu la wali, akishike kwa mikono miwili kwenye upepo, ukingo wa mbele auinue kidogo. Kikataka kumtoka kiende juu.

"We!" Akakikamata kwa nguvu.

"Kinaisukuma hewa chini, mama, nayo hewa inakisukuma juu. Ile inayopita juu yake inakwenda mbio, haikikandamizi sana. Bawa la ndege ni hivyo hivyo, ila kubwa. Injini kazi yake kukimbiza tu. Kasi ikitosha, hewa yenyewe inabeba." Mambo hayo nilifundishwa shuleni Quakers Hill, nikaapa hayatanisaidia kitu.

Akakilaza, kikatulia. Akakiinua, kikapanda. Alirudia mara nne, kisha akakiweka chini.

"Kwa hiyo ni hewa iliyotubeba."

"Ndiyo, mama. Mungu kaiumba, ikafanya kazi yake."

"Hata ningelala?"

"Hata ungekoroma."

Nilitegemea acheke. Macho yakamjaa machozi.

"Basi ningekupakata," alisema. "Ulilia mpaka sauti ikakauka, nami nikakusukuma. Nilidhani nikikushika wewe, nitaiachia ndege."

Kumbe naye hakusahau. Nikamlalia begani, mtu mzima na sare yangu ya kazi, nikalia mbele za abiria na sikuona haya. Nilimpenda mama yangu siku ile mpaka kifua kikauma.

Akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Kata tiketi mbili," alisema. "Safari hii mikono yangu haina kazi nyingine."