Kidumu cha Nyanya Kule Vyu

Wacha nianze na ujinga wenyewe, usije ukasema nilikuficha. Nilimwambia nyanya kwamba nyuma ya ploti yetu hapa Kware kuna bonde la mto, tena zuri la watalii kupiga picha. Nilikuwa darasa la tano. Wewe unanijua: mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma nikiomba msamaha.

Jana ndiyo imenikumbusha. Nilipanda juu ya paa kuanika yunifomu, nikatazama upande wa mto, nikaona ukuta. Ule mwanya wa mwisho katikati ya gorofa umezibwa na gorofa nyingine. Palipokuwa Vyu sasa pana bafu za watu.

Vyu, yaani "view" ya Kiingereza, ndilo jina tulilopabandika sisi watoto wa ploti. Palikuwa ukingo wa machimbo ya mawe ya zamani, juu kabisa ya mto. Likizo zote tulikwenda huko na mihogo ya karai, tukakaa tukining'iniza miguu, tukishindana nani ataiona kwanza ndege inayoshuka kwenda uwanjani. Chini maji yalinguruma kama ya mto wowote wa maana. Kwangu palikuwa pazuri. Kwa hiyo sikudanganya kabisa. Nilidanganya kiasi.

Sasa nyanya. Mama alimleta kutoka kwetu magharibi atibiwe sukari, kwa sababu kwenye zahanati ya kijijini dawa zilikuwa zinakosekana kila mara. Kliniki ilimpokea vizuri, ila yeye hakuipokea Nairobi. Kutwa alikaa kwenye kiti cha plastiki, orofa ya tano, akisikiliza kinu cha unga kikilia kule chini.

"Nikifungua dirisha," alimwambia mama, "naonyeshwa suruali za ndani za mtu nisiyemjua hata jina."

"Mama, vumilia tu umalize dawa. Ukirudi sasa hivi, nani atakupa hizo dawa huko?"

"Heri nikose dawa niwe na mto wangu."

Hapo ndipo mdomo ulipotangulia. "Hata hapa mto uko, nyanya!" Nikapamba: maporomoko, upepo, ndege wakubwa wakubwa. Nyanya akanitazama, akamgeukia mama. "Haya. Nikiuona na nikaupenda, nakaa."

Mama hakunikanya. Alikuwa akienda kiwandani kabla ya jua na kurudi limeshazama. Vyu aliisikia tu kutoka kwetu sisi watoto. Nafikiri alitaka sana iwe kweli.

Jumamosi nyanya akavaa gauni la kanisa, akachemsha viazi vitamu, akaazima thamosi kwa jirani wa mahamri. Kisha akachukua kidumu kitupu.

"Cha nini, nyanya?"

"Nani huenda mtoni bila chombo? Maji yenyewe hapa mnanunua kama soda."

Ningesema wakati huo. Badala yake nilicheka moyoni, nikaona hii nitaisimulia shule nzima. Tukapita vichochoroni tukiruka maji machafu, yeye akimsalimu kila mtu kwa lugha ya kwetu, "Mulembe! Mulembe!", kama vile Kware nzima ilikuwa ukoo wake. Vijana wa bodaboda wakamdaka: "Niaje, shosho! Unahama?"

"Naenda mtoni!" akawajibu kwa madaha. Walicheka, mmoja akalalia tanki la pikipiki. Nyanya akadhani wanamfurahia.

Harufu ilitufikia kabla ya mto. "Kuna ng'ombe amekufa hapa?" akauliza.

"Ni upepo tu."

Tukafika. Alisimama ukingoni, mkono mmoja umeshika kidumu, akaangalia chini. Maji yalikuwa meusi, yana povu jeupe kama la sabuni. Nepi zilining'inia kwenye matete. Wale ndege wangu wakubwa walikuwa korongo wa jalalani, wamesimama juu ya taka kama wazee wa kamati. Ng'ambo, mtu alikuwa akinyweshea sukuma wiki maji hayo hayo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipaangalia hapo, na siku hiyo ndiyo niliyopaona. Ndege ikapita chini chini, nikapiga kelele, "Nyanya, ndege!" Hakuinua kichwa.

"Hiyo sukuma ndiyo mnakula?"

"Ndiyo maana tuna nguvu," nikajaribu.

Hakucheka. Akafungua kifuniko cha kidumu, akakifunga tena, akanikabidhi. "Shika. Mzaha wako ubebe mwenyewe."

Tulikula viazi tumeupa mto mgongo. Vilikuwa vitamu ajabu, na hilo liliniuma zaidi. Njia nzima ya kurudi hakumsalimu mtu.

Akafunga mizigo, akapanda basi la asubuhi. Kabla muhula haujaisha tulikwenda kumzika. Niliuona huo mto wake: kahawia, ng'ombe wamo ndani, watoto wamo ndani. Nilitafuta kitu cha kuchekesha nikakosa. Niliporudi Kware nilienda Vyu mara moja tu, sikuweza hata kukaa. Kwa hiyo gorofa hiyo mpya haijaninyang'anya kitu; imekuta pameshakufa. Siku hizi watoto wa ploti hushindana kuona ndege kwenye simu.

Lakini nirudi asubuhi ile ya basi. Nilijua nitachapwa, nikavaa suruali mbili juu ya kaptura kabisa. Mama akaingia kutoka steji, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, akaangalia dirishani, kwenye nguo za yule mtu. Nikasubiri. Kidumu kilikuwa bado mlangoni.

"Kiweke chini ya meza," akasema, "kesho wanafungua maji ya mfereji. Nyanya yako angalau ana pa kurudi."