Mkono Majini

Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi jirani wa Tamsin, anayeishi botini kama yeye, hufungua kifuniko kilicho nyuma ya boti yake, huzamisha mkono kwenye maji baridi ya mfereji na kunasua taka zilizojisokota kwenye pangaboi la injini. Juzi alitoa suruali. "Hainitoshi, mwanangu," alicheka, vidole vyekundu kama nyanya, "lakini mfuko mmoja bado mzima!"

Paa linavuja, pampu inakohoa, kutu inatafuna tumbo la boti. Jana hatimaye bibi aliita mnunuzi wa boti. Tamsin, asiye na rafiki mwingine pale mferejini, alijibanza nyuma ya pazia mpaka mgeni alipoondoka, ndipo akatoka.

"Umemuuzia, bibi?"

"Nimuuzie? Kapanda botini bila hodi!"