Karani Aliyeshusha Mikono ya Dua

Juzi, nje ya ofisi ya serikali pale Msambweni, wanawake wa Kidigo walitandika mkeka barazani wakakaa kimya, kanga vichwani, wamemzunguka mwenzao mwenye mtoto mgongoni. Ndivyo tukaavyo tukifiwa. Karani akatoka mbio, mikono ameinua kuomba dua.

"Poleni, mama zangu. Nani amefariki?"

"Hakufa mtu," akajibu mkubwa wao. "Twamtaka mume wa huyu, yule Mmakonde mkata miwa wa Ramisi. Jana mmempakia kwenye lori mkamvusha mpaka."

Karani akashusha mikono. "Ah, yule! Yule ni mgeni, anarudishwa kwao Msumbiji."

"Kwao ni hapa, mwanangu. Wanawe wakubwa wanalala kwangu, wanamuulizia baba yao."

"Kunjeni mkeka. Hapa si matangani!"

Hawakuukunja. Nami niliyekuwa nikitazama, damu ilinichemka, maana bendera ya uhuru juu ya paa lile haijapauka bado. Hiyo sukari anayonywea chai karani, miwa yake ilikatwa na nani? Mtu yule angalikufa shambani, karani angalimwombea dua, tungalimzika papo hapo Ramisi, na hapana ambaye angaliuliza kwao ni wapi.