Wimbo Uliopanda Mlima

Mwezi uliopita nililala Mabawe, katika nyumba aliyoiacha bibi. Giza lilikuwa halijaingia vizuri nikasikia mbu sikioni. Wewe, rafiki yangu, pengine ungempiga kofi ukaendelea na mambo yako. Mimi nilimkumbuka mdogo wangu.

Tulipokuwa watoto, sauti hiyo haikuwepo mlimani kwetu. Tulilima viazi bondeni, lakini jua likianza kushuka bibi aliweka jembe begani. "Pandeni! Homa ni ya wanaolala bondeni." Tulipanda na mizigo kichwani, miguu imejaa tope, hadi kwenye harufu ya moshi na ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Tukifunga mlango, tuliamini ugonjwa umebaki chini.

Kisha wakaja wakimbizi. Miti ikaishia kwenye kuni, zao na zetu. Watu wa mlimani wakachimba udongo wa matofali ya kuuza, na mashimo yakajaa maji ya mvua. Hata baridi ya jioni ikapungua.

Jioni moja mdogo wangu aliacha kula. "Bibi, nani anaimba humu ndani?"

Bibi alitoka, akaizunguka nyumba. Hakukuwa na mtu. Tuliponyamaza nami nikausikia, wimbo mwembamba usio na maneno. Hatukuujua.

Baada ya siku kadhaa mtoto alianza kutetemeka juani, mchana kweupe. Bibi akamfunika blanketi, akisema ni baridi tu. Mama mmoja mkimbizi, aliyekuja kutupalilia migomba, akamgusa shingoni.

"Mama, hii ni malaria. Mpeleke hospitali leo."

"Huyu hajawahi kulala bondeni! Mmekimbia vita, sasa mnatuletea na homa?"

"Nimezika wangu kwa homa hii, mama. Mpeleke."

Bibi alimpeleka kesho yake, amembeba mgongoni, mtoto bado anauliza nani anaimba. Alirudi naye mgongoni vilevile, amemfunika uso.

Siku hizi nasikia redioni kwamba malaria inapanda milima ya nchi nyingi, mahali ambapo wazee hawakuijua. Nami namwona bibi. Tangu msiba ule, kila jua likishuka alisimama mlangoni na jembe begani, akitazama juu, kama anayetafuta mlima mwingine wa kutupandisha.