Kaburi la Pili la Mathe

Umande haujakauka kwenye nyasi za makaburini, na Mathe amekwisha kuzama ardhini hadi kiunoni. Anachimba kaburi la mama yake, na anachimba peke yake.

Kwenye kilima hiki cha Kimemi, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mfiwa hashiki jembe. Majirani ndio wachimbao. Kazi ikiisha, huketi wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kikombe kimoja wanachopokezana. Jana jioni Mathe aliutua mtungi wa kasiksi mlangoni pake, kama ada inavyotaka: atakayekuja kuchimba huonja kidogo usiku uleule. Asubuhi ameukuta umejaa, akaja nao huku makaburini pamoja na kikombe.

Wakati wa Ebola alikuwa miongoni mwa waliovaa mavazi meupe na kuzika maiti ndani ya mifuko, bila kuoshwa wala kukumbatiwa. Ugonjwa ulikwisha, mavazi yakachomwa. Jina halikuchomeka: watoto wa mtaa humwita Mufuko mpaka leo.

Siku hizi anafyatua matofali, na watu huyanunua.

“Matofali yangu imepita mu moto,” Mathe amwambia mtu aliye njiani, bila kuinua uso. “Mikono yangu hapana.”

Jirani yake, Ézéchiel, amesimama kando ya njia, mikono mfukoni. Wakati ule wa Ebola, Mathe ndiye aliyemzika baba yake.

“Pole, yaya,” asema, kama mtu amwitavyo kaka mkubwa. “Hapana siye tunakukatala. Ni bamama njo banaogopa.”

“Bamama beko wapi hapa?”

Ézéchiel anatazama viatu vyake. “Mais wewe unajua kuchimba kupita siye wote.”

“Papa yako hakulalamikaka.”

Ézéchiel anaondoka asiage.

Jua linapopanda, Virginie, mke wa Mathe, anafika na chupa ya chai. Kaburi limekwisha. Mathe amehamia pembeni, anachimba jingine.

“Na hii ni ya nani?”

“Ya mimi.”

“Uko mugonjwa?”

“Hapana. Donc, nani atanichimbia?”

Virginie anaketi juu ya kifusi, anajifunika kitenge kichwani. Chai inapoa.

Adhuhuri jeneza linafika mabegani mwa wajomba waliotoka Musienene. Katekista anasali upesi. Majirani wamekuja pia, kwa maana kutokuja ni aibu. Lakini wamesimama mbali, ng'ambo ya njia, na “Amina” yao inafika imechelewa. Udongo unamwagwa na wageni. Kisha kilima kinabaki na watu wawili na shimo moja.

“Utaifukia lini?” Virginie auliza.

“Peke yangu, hapana. Nitaiacha wazi. Siku mutu wa hapa atakuja na jembe yake, tuifukie pamoja, njo nitajua nimerudi ku batu.”

Wingu la mvua limetanda upande wa Lubero. Kasiksi nayo haikawii kuchacha. Mathe anautua mtungi ukingoni mwa shimo, anaufunika kwa kikombe, kile kimoja, kisha anamshika mkewe mkono washuke.